Binti Akipewa Cheo, Tuulize Kura za Hisa Ziko kwa Nani

Katika miaka michache iliyopita habari za biashara zimetuzoesha kuona mabinti wakishika nafasi za juu katika kampuni kubwa za familia. Aprili 2022 Marta Ortega alishika uenyekiti wa Inditex, kampuni ya Hispania inayomiliki maduka ya Zara, ambayo baba yake ni mmoja wa waasisi wake. Februari 2023 Delphine Arnault, kifungua mimba wa Bernard Arnault, tajiri wa Ufaransa mwenye kundi la LVMH, alianza kuiongoza kampuni ya mitindo ya Christian Dior Couture. Nchini India, Roshni Nadar Malhotra amekuwa mwenyekiti wa HCL Technologies tangu Julai 2020. Nchini Nigeria, Aliko Dangote alipoachia uenyekiti wa kampuni yake ya saruji Julai 2025, binti yake Mariya aliingia katika bodi. Kila uteuzi wa namna hii hupokewa kwa tafsiri ileile: mlango uliokuwa umefungwa kwa mabinti umefunguka, na kilichobaki ni kusubiri miaka ipite ili idadi yao ilingane na ya kaka zao.

Naiona tafsiri hiyo kuwa pungufu, tena upungufu wake una madhara. Cheo ni sehemu ya urithi inayoonekana kuliko zote, na ndiyo sehemu inayoweza kutolewa leo ikachukuliwa kesho. Nafasi ya mwanamke katika biashara ya familia huamuliwa na mambo mawili ambayo hayapigwi picha: hisa zenye kura zimeandikwa kwa jina la nani, na maandalizi ya mrithi yalianza lini. Binti aliyepewa cheo huku mambo hayo mawili yakiwa hayajashughulikiwa amekabidhiwa mali ya wengine aiangalie, na familia nyingi zinazoamini kwamba zimeshauacha ubaguzi zimeishia hapo.

Hoja hii haitaeleweka vizuri bila kutenganisha mambo matatu ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa na kuitwa tu kurithi biashara. La kwanza ni umiliki, yaani hisa na haki ya kupiga kura katika mkutano mkuu wa wanahisa. La pili ni bodi, ambayo huajiri na kuwaondoa wakurugenzi, hupitisha bajeti, na huamua juu ya gawio na mikopo mikubwa. La tatu ni uendeshaji wa kila siku: wateja, wafanyakazi, mizigo, madeni. Mwasisi akiwa hai na mwenye nguvu, yote matatu hukaa kwake peke yake, na kwa sababu hiyo watoto wake hukua bila kuiona mipaka iliyopo kati yake. Akistaafu au akifariki, yanaachana na kila moja linashika njia yake. Hisa hufuata wosia au sheria ya mirathi, viti vya bodi hufuata kura za hisa, na uendeshaji hufuata uamuzi wa bodi. Mwenye kura anaweza kumpa mtu cheo wakati wowote, lakini mwenye cheo hana namna ya kujipatia kura.

Tukirudi nyuma kidogo tunaona kwamba wanawake wengi wanaotajwa kuwa waanzilishi wa njia katika biashara za familia walifika pale kwa ajali, na mara nyingi ajali hiyo ilikuwa kifo. Barbe-Nicole Clicquot wa Ufaransa alifiwa na mumewe mwaka 1805 akiwa na umri wa miaka 27. Sheria ya nchi yake wakati huo, kwa mujibu wa Kanuni ya Napoleon ya mwaka 1804, ilimweka mke chini ya mamlaka ya mumewe, ila mjane aliweza kuingia mikataba kwa jina lake mwenyewe. Baada ya baba mkwe wake kuridhia, alishika biashara ya mvinyo wa shampeni, na mwaka 1814 aliwahi kupeleka shehena yake Urusi kabla ya washindani kujipanga upya baada ya vita vya Napoleon. Alikuwa na binti, Clémentine. Hata hivyo, biashara aliyoikuza mwenyewe ilipita baada yake kwa Édouard Werlé, mshirika wake. Ujane ulimfungulia yeye nafasi, na desturi ikabaki palepale ilipokuwa.

Mfano wa gazeti la Washington Post una uzito zaidi kwa sababu ndani yake tunaweza kuona hasara ikihesabika kwa miaka. Eugene Meyer alilinunua gazeti hilo kwenye mnada mwaka 1933. Binti yake Katharine alifanya kazi humo akiwa mwandishi. Lakini mwaka 1946 Meyer alipotafuta wa kumwachia gazeti, alimteua mkwe wake, Philip Graham, na miaka miwili baadaye hisa zenye kura zilipogawanywa, mkwe alipata nyingi kuliko binti. Kwa maelezo ya Katharine mwenyewe, yeye wakati huo aliliona jambo hilo kuwa la kawaida kabisa. Philip alifariki mwaka 1963, naye akalazimika kushika usukani wa kampuni ambayo hakuwa ameandaliwa kuiongoza. Chini yake gazeti lilichapisha nyaraka za siri za vita vya Vietnam mwaka 1971 na likasimama imara katika kashfa ya Watergate iliyomwondoa Rais Nixon madarakani mwaka 1974. Wasifu wake husimuliwa kama ushindi, na ulikuwa ushindi kweli. Swali linalonisumbua ni kipaji hicho kilikuwa kikifanya nini kati ya mwaka 1946 na 1963. Kilikuwa nyumbani, miaka kumi na saba, ndani ya familia ileile iliyokuwa ikihitaji kiongozi.

Nchini Italia, Mario Prada, aliyeanzisha biashara ya bidhaa za ngozi mwaka 1913, hakuamini kwamba wanawake wa familia yake walikuwa na nafasi katika biashara. Mwanawe wa kiume hakuitaka kazi hiyo. Biashara ikaendeshwa na binti yake, Luisa, kwa takriban miaka ishirini, kisha ikashikwa na mjukuu wa kike, Miuccia, ambaye ndiye aliyeifanya ijulikane duniani kote. Nchini Korea Kusini mambo yalikwenda kinyume. Koo Bon-moo, mwenyekiti wa kundi la LG, alimpoteza mwanawe wa kiume mwaka 1994. Alikuwa na mabinti, lakini mwaka 2004 alimwasili mtoto wa kiume wa mdogo wake, Koo Kwang-mo, na mwaka 2018 ndiye aliyeshika uenyekiti. Mwaka 2023 mjane na mabinti wawili wa marehemu walifungua kesi wakitaka urithi ugawanywe upya. Bila kuingia katika haki ya kesi yenyewe, inatosha kuona kwamba familia iliyokosa mtoto wa kiume ilitafuta mtoto wa kiume mahali pengine kabla ya kuwatazama mabinti waliokuwapo.

Je, desturi hii ina gharama kwa biashara, au ni suala la haki tu? Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na Morten Bennedsen na wenzake, uliochunguza maelfu ya mabadiliko ya uongozi katika kampuni za Denmark, unatupa mahali pazuri pa kuanzia. Waliangalia jinsia ya mtoto wa kwanza wa kiongozi anayeondoka. Jinsia hiyo ni jambo la bahati tupu na haina uhusiano wowote na hali ya kampuni. Hata hivyo, pale mtoto wa kwanza alipokuwa wa kiume, uwezekano wa uongozi kubaki ndani ya familia ulikuwa karibu asilimia 39, na alipokuwa wa kike ulishuka hadi karibu asilimia 29. Hii ni Denmark, nchi inayosifika kwa usawa wa kijinsia. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba, kwa wastani, kumrithisha uongozi mwanafamilia kulipunguza faida ya kampuni ikilinganishwa na mali zake kwa angalau pointi nne za asilimia, tofauti na kumpa uongozi mtu wa nje. Francisco Pérez-González alikuwa ameshaona jambo linalofanana na hilo katika kampuni za Marekani mwaka 2006: warithi kwa jumla walifanya vibaya kuliko watu wa nje, na hasa wale ambao hawakuwa wamesoma katika vyuo vinavyochuja wanafunzi.

Wapo wanaosoma matokeo hayo na kusema kwamba jibu ni kuondoa uongozi mikononi mwa familia moja kwa moja, awe mtoto wa kiume au wa kike. Nadhani wanaharakisha. Familia inayochagua miongoni mwa watoto wawili badala ya wanne imejipunguzia uwezekano wa kumpata anayefaa, na ikiwa kigezo cha kwanza ni jinsia, basi uwezo umeshushwa hadi nafasi ya pili kabla ya mjadala kuanza. Japani inatoa mwanga wa kuvutia hapa. Huko, familia za kibiashara zina desturi ya kumwasili mtu mzima mwenye uwezo, mara nyingi mume wa binti, akachukua jina la ukoo na kuongoza. Osamu Suzuki, aliyeiongoza kampuni ya magari ya Suzuki kwa miongo kadhaa, aliingia katika familia hiyo kwa njia hiyo. Watafiti waliolinganisha kampuni za Japani waligundua kwamba zile zilizoongozwa na warithi wa kuasiliwa zilifanya vizuri kuliko zile zilizoongozwa na watoto wa damu. Maana yake kwangu ni kwamba kupanua uwanja wa kuchagua kunalipa. Lakini uwanja huo ulipanuliwa hadi nje ya nyumba, kupitia kwa binti, bila binti mwenyewe kuhesabiwa kuwa miongoni mwa wanaoweza kuchaguliwa.

Wanaoshangilia uteuzi wa mabinti wana hoja nzuri ambazo sitaki kuzipuuza. Mwanamke akikaa kwenye kiti cha mwenyekiti, wafanyakazi, wateja na mabenki huzoea kupokea uamuzi kutoka kwake, na mazoea hayo yana nguvu. Tena, cheo humpa mtu mahali pa kujifunzia: huwezi kujua kuendesha bodi bila kuendesha bodi. Ni kweli pia kwamba baadhi ya familia hutoa cheo kwanza na hisa baadaye kwa nia njema kabisa, ili mrithi apimwe. Kwa upande wa pili wapo wakosoaji wanaosema kwamba binti wa bilionea kukaa mahali pa mtoto wa kiume wa bilionea hakumsaidii chochote mwanamke anayefanya kazi kiwandani. Hoja hiyo ina nguvu, na yeyote anayetetea mabinti warithi anapaswa kuijibu kwa unyofu. Usawa kati ya warithi ni sehemu ndogo ya haki. Hata hivyo, tukumbuke kwamba kampuni zinazotajwa magazetini ni chache sana. Biashara nyingi za familia duniani ni ndogo: karakana, ghala, duka, shamba, kiwanda cha watu ishirini. Huko, kurithi au kutorithi huamua kama mwanamke atakuwa na mtaji wake mwenyewe au atategemea hisani ya kaka yake maisha yote.

Marafiki wa hoja hii nao wana kosa lao, nalo ni kudai kwamba wanawake huongoza vizuri zaidi kwa maumbile: kwamba wana subira, wana huruma, hawapendi kujihatarisha. Sioni sababu ya kuikubali. Anayepewa uongozi kwa sababu ya sifa za maumbile atanyimwa uongozi kwa sababu hizohizo siku kampuni itakapohitaji ukali au ujasiri. Binti anastahili kupimwa kwa kipimo cha kaka yake, aweze kushinda na aweze kushindwa.

Hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayosikika mara nyingi zaidi katika vikao vya familia, ni ile inayosema kwamba binti ataolewa na mali itahamia ukoo mwingine. Wazee wengi huitoa kwa uchungu wa kweli, kwa hiyo inastahili kujibiwa hatua kwa hatua. Kwanza, mtoto wa kiume naye huoa. Anaweza kutalikiana, anaweza kufariki akaacha mjane na watoto, anaweza kuweka hisa zake rehani. Hatari ya mali kutoka nje ya ukoo hutokana na hisa zisizo na masharti, na inamhusu kila mrithi. Pili, hatari hiyo ina dawa inayojulikana: mkataba wa wanahisa unaowapa ndugu haki ya kwanza ya kununua hisa zinazouzwa, masharti ya kurithiwa na uzao wa damu pekee, au makubaliano ya mali kabla ya ndoa. Familia ya Arnault ilipopanga upya kampuni yake mama mwaka 2022, kila mmoja wa watoto watano, Delphine na wadogo zake wanne wa kiume, alipewa asilimia 20 sawasawa, na hisa hizo ziliwekewa masharti yanayozuia zisihamie nje ya uzao wa familia. Masharti hayo yanawabana wote kwa kipimo kimoja. Tatu, na hapa ndipo hoja inapojivunja yenyewe, familia zinazoogopa mkwe ndizo ambazo mara nyingi humpa mkwe biashara. Eugene Meyer hakuogopa kwamba mkwe angelitwaa gazeti kupitia kwa binti; alimkabidhi yeye mwenyewe. Kama mume wa binti anaaminika kuongoza, hofu ya kwamba mali itamfikia haiwezi kuwa sababu ya kumnyima binti.

Ugumu zaidi uko kwenye hoja nyingine, kwamba mabinti wenyewe hawataki. Zipo familia ambamo ni kweli, na mtu asilazimishwe kurithi kazi. Ila utashi haumei peke yake. Nilipata kuketi katika kikao kati ya familia moja yenye kampuni ya usambazaji na maofisa wa benki waliokuja kuzungumzia mkopo. Maswali yote yalijibiwa na binti: wateja gani huchelewa kulipa na kwa wiki ngapi, kwa nini gharama za usafirishaji zilipanda, mzigo gani ulikuwa bado umekwama forodhani. Kaka yake alikaa kimya karibu muda wote. Ulipofika wakati wa kutia saini, jalada lilipita mbele ya binti likaenda kwa kaka, kwa sababu watia saini waliosajiliwa benki walikuwa mzee na yeye. Kisha ofisa mmoja akamgeukia binti kwa adabu kabisa: "Dada, tusaidie muhuri." Akaugonga chini ya saini ya kaka yake na kuurudisha kwenye mkoba wake. Hakuna aliyeona ajabu, na sidhani kama kulikuwa na mtu mwenye nia mbaya chumbani mle. Mtu aliyefundishwa kwa miaka kumi kwamba ujuzi wake unaishia kwenye muhuri akija kuulizwa kama anataka kuongoza, atajibu hapana, na familia itaandika kwamba aliulizwa akakataa.

Ndiyo maana kipimo changu cha kwanza ni kura. Mifano miwili ya India inaonyesha tofauti hiyo vizuri kuliko maelezo yoyote. Roshni Nadar Malhotra alikuwa mwenyekiti tangu mwaka 2020, lakini ni Machi 2025 ndipo baba yake, Shiv Nadar, alipomhamishia kama zawadi asilimia 47 ya kampuni mama zinazoshikilia hisa za familia, akawa mwenye kura nyingi. Tukio la pili halikupata shangwe kama la kwanza, ingawa ndilo lililomaliza urithi. Kwa upande mwingine yupo Valli Arunachalam wa familia yenye kundi la Murugappa. Baba yake alifariki mwaka 2017 bila mtoto wa kiume, na mama na mabinti wawili wakabaki na takriban asilimia 8 ya hisa za kampuni inayoshikilia mali za kundi. Valli, mwanasayansi aliyefanya kazi Marekani kwa miaka mingi, aliomba kiti kwenye bodi. Septemba 2020 kura zaidi ya asilimia 91 zilimkataa, na mgogoro ulimalizwa kwa makubaliano ya kifamilia mwaka 2023. Inafaa kukumbuka kwamba sheria ilikuwa upande wa mabinti: marekebisho ya mwaka 2005 ya sheria ya mirathi ya Wahindu yaliwapa haki sawa katika mali ya pamoja ya familia, na Mahakama ya Juu ya India ilithibitisha Agosti 2020 kwamba ni haki ya kuzaliwa. Sheria inaweza kumpa binti fungu lake. Haiwezi kumpa kiti pale ambapo fungu lake ni dogo na wenzake wamekubaliana.

Inditex yenyewe ni funzo kwa anayetaka kuona mgawanyiko huu ndani ya familia moja. Marta ana uenyekiti usio wa kiutendaji, huku uendeshaji ukiwa kwa mkurugenzi mtendaji asiye wa familia, na hisa zinazoamua, takriban asilimia 59, zikiwa mikononi mwa baba yake, Amancio. Dada yake kwa baba, Sandra, alirithi takriban asilimia 5 kutoka kwa mama yake, Rosalía Mera, ambaye alikuwa mwasisi mwenza wa Zara na alifariki mwaka 2013. Mmoja ana cheo, mwingine ana hisa. Sina shida na mpangilio wa kumwachia mtaalamu wa nje uendeshaji, kwani huenda ndio unaoifaa kampuni kubwa kiasi kile. Ninachosema ni kwamba picha ya Marta peke yake haimwambii msomaji nani ataamua nini baba akishaondoka.

Kipimo cha pili ni muda. Abigail Johnson aliingia Fidelity, kampuni ya uwekezaji ya Marekani iliyoanzishwa na babu yake mwaka 1946, akiwa mchambuzi mwaka 1988, na akawa mtendaji mkuu mwaka 2014. Ni miaka 26 ya kupita idara moja baada ya nyingine. Ana Botín aliiongoza benki ya Banesto kuanzia mwaka 2002, kisha tawi la Uingereza la Santander, benki kubwa ya Hispania, kuanzia mwaka 2010, kabla ya kuchukua uenyekiti wa Santander Septemba 2014 baba yake alipofariki ghafla. Mfano wake unanilazimu kuilegeza kidogo hoja yangu ya kura, kwa kuwa familia ya Botín inamiliki sehemu ndogo sana ya benki hiyo. Pale ambapo hakuna mtu mwenye kura nyingi, maandalizi yanaweza kubeba karibu mzigo wote. Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Berthold Leibinger wa Ujerumani, mmiliki wa kampuni ya mashine ya Trumpf. Mwaka 2005 alikuwa na mwana mhandisi na mkwe mhandisi, wote wakiwa tayari katika uongozi wa kampuni, naye akamchagua binti yake, Nicola, mwenye shahada ya uzamivu katika fasihi. Alichagua akiwa hai, mbele ya wote waliohusika, na kaka na mume waliendelea kufanya kazi chini yake. Ni nadra kumpata mmiliki anayefanya uamuzi huo akiwa bado na uwezo wa kuutetea mezani.

Mwasisi anapokaa kimya, madhara huangukia zaidi kwa mabinti. Dhirubhai Ambani, mwasisi wa kundi la Reliance la India, alifariki mwaka 2002 bila kuacha wosia, na wanawe wawili waligombana hadi mwaka 2005 ambapo mama yao, Kokilaben, alisimamia mgawanyo wa mali. Mgogoro huo hukumbukwa kama wa ndugu wawili wa kiume, na mabinti wawili wa mzee huyo hawakuwa hata sehemu ya mjadala wa nani ataongoza. Kimya cha mwasisi hujazwa na desturi, na desturi ina jibu lake tayari. Kwa hiyo mzee anayesema kwamba anawapenda watoto wake sawa, lakini hajaandika chochote, ameshachagua. Ushauri wa kwanza kwa wanasheria na wahasibu wa kampuni hizi ni kuacha kuuliza swali la mrithi mbele ya watoto wa kiume peke yao. Kwa mabenki, ni kuuliza kwa nini anayezijua hesabu si mtia saini, kwani hilo ni suala la hatari ya mkopo kama lilivyo lolote. Na kwa binti anayepewa cheo, ni kuomba kusoma katiba ya kampuni, daftari la wanahisa na mkataba wa wanahisa kabla ya kukubali pongezi.

Linabaki suala ambalo naliona gumu kweli, la ndugu ambao hawafanyi kazi katika kampuni. Kugawa hisa sawa kwa watoto wote ni haki machoni, lakini humwacha anayeendesha biashara akiwa mateka wa kura za wasioijua. Kumpa anayeendesha hisa zote humnufaisha yeye kwa jasho la mzee. Mimi naegemea upande wa kutenganisha: hisa za aina mbili, gawio sawa kwa wote, na kura nyingi kwa anayeongoza, awe binti au mwana, pamoja na haki ya kila ndugu kuuza hisa zake kwa wenzake kwa bei inayopangwa na mthamini asiye wa familia. Mpango huo unamtaka mwasisi amtaje anayeongoza kwa jina, kwa maandishi, akiwa hai, na unawataka ndugu wote wausikie kwa pamoja wakiwa bado wanaweza kumwuliza sababu. Mara nyingi jina atakalotaja ndilo ambalo wafanyakazi, wateja na wasambazaji wamekuwa wakilipigia simu kwa miaka mingi.